Herufi za Shangazi Agripina

Manundu,
Korogwe.
14 Agosti 2004

Mpendwa Dada Beatrisi,

Shikamoo. Habari za Bukoba? Na shemeji Dunstan je, ule mguu umepona? Sisi huku ni wazima. Mama kifua kilimsumbua wakati wa masika, lakini sasa anakwenda shamba mwenyewe, na ukimzuia ananuna.

Barua yako niliipata, pamoja na karipio lake. Unauliza kwa nini miezi mitatu nimeacha kazi ya tovuti nikawa nachora herufi kama mtoto wa chekechea.  Sasa nakujibu.

Mwezi wa nne nilikwenda Kwamsisi kumwona Shangazi Agripina, ambaye bado anafundisha kisomo cha watu wazima. Nilimkuta mnyonge. Mwanafunzi wake hodari, mama wa Kimaasai aitwaye Sintamei, alikuwa ameacha darasa. Ubaoni alisoma kila kitu. Siku alipopewa kitabu akakwama kwenye neno la kwanza, wenzake wakacheka. Akajifunga shuka lake, akaondoka.

Shangazi alidhani ni macho. Mimi nilipokifungua kile kitabu nikaona jambo ambalo sisi tuliosoma tumelizoea hata hatulioni. Herufi a ya kitabuni ina tumbo na kofia. Ya Shangazi ubaoni ni duara na kijiti tu. Sintamei hakusahau herufi, dada. Ile hakuwahi kuonyeshwa.

Nilimwomba Shangazi aniandikie herufi zote kwa mkono wake, kubwa na ndogo. Nikazichora upya moja moja kwenye kompyuta, mpaka ukibonyeza a, inatokea a ya Shangazi. Usidhani ni kazi nyepesi. Herufi ikikaa vizuri peke yake, ukiiweka na jirani yake wanagombana. Neno "maji" tu lilinila wiki nzima.

Nilipomaliza nilichapa kurasa kumi na mbili za kusomea kwa herufi hizo, tukazipeleka kwa baiskeli nyumbani kwa Sintamei. Alitupa maziwa, lakini karatasi hakuzigusa. Shangazi hakumbembeleza. Alimwomba radhi, akasema kosa lilikuwa la mwalimu, maana alimpa kitabu bila kumweleza kwamba herufi moja huweza kuandikwa kwa namna mbili.

Ndipo Sintamei akazichukua. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, ukurasa mzima. Shangazi akageukia ukutani, nikajua analia.

Alipofika kwenye "ng'ombe" akasimama. Akaniuliza kama ni mimi niliyepanga herufi zile. Nikakubali.

"Hiki kialama kiko mbali mno na g," akaniambia. "Umemfungua ng'ombe kamba."

Nilitazama, ni kweli. Miezi mitatu sikuwa nimeona. Nilirudi nikakisogeza, nikachapa upya.

Sintamei amerudi darasani, na ile a yenye kofia anaijua sasa. Juma lililopita ilikuja barua ya mwanawe Kuntai, mlinzi huko Arusha. Kwa miaka yote barua zake husomwa na mwenye duka, na waliokuja kununua chumvi wakisikiliza. Safari hii Sintamei aliichukua mkononi mwa mwenye duka kabla hajaifungua, akaenda nayo nyuma ya zizi, akakaa huko mpaka saa ya kukamua. Shangazi anasema hadi leo Kwamsisi hakuna anayejua Kuntai aliandika nini.

Kazi ya tovuti nimeirudia, usiwe na wasiwasi.

Mama anakusalimu sana, na Shangazi pia. Nisalimie shemeji, na wapwa zangu Grace na Rehani. Mungu awatunze, awalaze salama na kuwaamsha salama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata unaponikaripia,

Habakuki