Jina Nililoliita Kanisani

Padiri wangu mpendwa,

Wameniambia umezikwa kwenu Poland, na kwamba siku hiyo kulikuwa na baridi kali. Nilicheka huku nalia. Hapa Kalemie ulilalamikia joto kila kukicha, na soksi hukuzivua. Sasa umepata baridi yako. Mimi nina hasira, na mtu aliyezizoea hasira zangu ulikuwa wewe.

Unaikumbuka ile misa ya marehemu ya mwezi wa kumi na moja? Ulitukuta na desturi yetu ukaiheshimu: kila nyumba inasimamisha mtu mmoja, anaita jina moja la marehemu wake, na kanisa zima linaitika, "Uwe pamoja nasi." Mwaka ule Mikola naye alisimama, yule Mukraine fundi wa helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, aliyekuja kusali na kofia yake ya buluu kwapani. Akaita jina la babu yake. Sisi tukaitika vizuri, mgeni ni mgeni. Wewe ukanyamaza. Ulishika altare kwa mikono miwili mpaka wanakwaya wakaanza kutazamana, nami nikaanzisha wimbo ambao haukuwa wa mahali pale.

Baada ya misa mlisimama jikoni kwako, meza ikiwa katikati yenu, mimi nikikata mkate. Habari za babu yule ulizijua, maana Mikola alikuwa amekusimulia kwa fahari: wakati wa vita ya Hitler alipigana msituni na wazalendo wa Ukraine, huko Volinia, walikokaa Wapoland na Waukraine pamoja.

"Watu wale njo wao walichoma kijiji cha mama yangu," ulisema. "Walikuwa majirani. Walijuana majina."

"Kwetu ni shujaa," Mikola akajibu. "Alipigana na Wajerumani, akapigana na Warusi. Na Wapoland walichoma kwetu pia."

"Walichoma, sikatai. Lakini mutoto aliyekufa kwetu hakuchoma nyumba ya muntu."

Nilidhani mtashikana mashati. Kisu cha mkate nilikisogeza mbali, wala hamkuniona. Mwishowe ukamwambia maneno ambayo yamenikaa moyoni: "Umuite, ni babu yako. Lakini usiniombe miye nimuitikie."

Vita ya Warusi ilipoingia kwao, Mikola akarudi kupigana. Ukamwombea kila asubuhi. Dada yako huko Poland akampokea mama mmoja wa Kiukraine na watoto wake, akawapa vitanda na chakula, na bado, uliniambia, wakikaa mezani walibishana juu ya makaburi ya Volinia.

Sasa yamenifika mimi. Mwaka huu wajomba waliamua kwamba jina la nyumba yetu liwe Ilunga, marehemu ndugu yangu. Ulimjua. Ilipozuka vita ya mishale kati yetu Waluba na Wabatwa, yeye aliongoza vijana wa mtaa. Ni kweli alitukinga. Alisimama barabarani na upinde wake mpaka sisi wanawake tukafika ziwani na watoto. Ni kweli pia kwamba kesho yake alikwenda upande wa pili akamuua Kasongo, mtoto wa Mama Feza, aliyekuwa anaokota kuni. Alirudi akatuambia mwenyewe. Mama Feza ni Mutwa, wa upande ule wa pili, lakini anasali nasi, anakaa benchi la tatu.

"Usituletee haya," mjomba aliniambia nilipomtaja Kasongo. "Bila Ilunga tungekwisha siye wote."

"Na Mama Feza?"

"Aende kusali kwingine."

Hapo damu ikanichemka. Nilimpenda Ilunga, Padiri. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, akinicheka kila nilipomeza maji. Kumwacha bila kuitwa hata mara moja sikuweza. Kumwita kwa sifa, Mama Feza akiwa pale na mtoto wake hayupo, sikuweza pia.

Siku ikafika. Mama Feza alisimama kabla yangu, akaita: "Kasongo." Niliitika kwa sauti mpaka mjomba akanifinya mkono. Zamu yetu ilipokuja nilisimama. Desturi ni jina tu, unalijua hilo. Mimi nikasema:

"Ilunga, ndugu yangu. Alituokoa siye. Alimuua Kasongo."

Mjomba alitoka akigonga mabenchi, na wengine wakamfuata. Mama Feza alikuwa anatazama mikono yake. Nilisubiri, nikasubiri. Hakuna aliyeitika. Basi nikaitika mwenyewe, peke yangu, katika kanisa lile kubwa: "Uwe pamoja nasi."

Wajomba hawanisalimu tena. Mama Feza naye hanisalimu, na simlaumu. Leo asubuhi tulipanga ndoo zetu kwenye bomba moja, yake mbele, yangu nyuma, mpaka zikajaa.

Pumzika, Padiri wangu. Sisi bado tunaishi mlango kwa mlango.

Ni mimi, mtoto uliyembatiza,
Kalemie