Minyaa ya Baba Uliyoniambia Niing'oe

Mdogo wangu Zabroni,

Nakuandikia nikiwa barazani kwako, maana nyumba ni yako, mimi ni mtunza maua tu. Kila nikikupigia uko kwenye kikao, basi isome hii ukipata nafasi huko Dodoma. Nina hasira nawe. Nimeona nianze na hilo.

Unakumbuka utomvu wa mnyaa ulivyokuingia jichoni? Ulikuwa darasa la pili, ukavunja tawi kwenye ua wa baba ili uchapie mbuzi. Mama we! Yowe ulilopiga, kijiji kizima cha Murungu kilisikia. Mama alikubeba mbio hadi kwa jirani, mama yake Yeremia, aliyekuwa ananyonyesha, akakukamulia maziwa yake jichoni. Jioni baba alikukalisha chini, hakukuchapa. Alisema, "Umva, sikiliza, mwanangu. Nilikuja hapa kutoka Burundi mikono mitupu. Babu yake Yeremia alinikatia kipande hiki, tukapanda minyaa pamoja, wazee wakitazama. Karatasi sina. Minyaa ndiyo karatasi." Nawe, jicho limevimba kama kitumbua, ukaitikia, "Ego, baba." Mimi nilicheka mpaka nikafukuzwa.

Ulipokuja kujenga pale pale nyumbani, nilitamba kijiji kizima. Ukanitumia picha kwenye simu: ukoka hapa, miti ya miashoki mistari miwili hadi getini, mawaridi kwenye ngazi. Nilipanda vyote kwa mkono wangu. Kiangazi nilichota maji bondeni, ndoo ya kwanza ya nyasi zako, ya pili ya uji wa wanangu. Na nikiri, nilipenda. Watu walikuwa wanasimama njiani kutazama.

Kisha ukaleta habari ya uzio. "Dada, hiyo minyaa inaifanya nyumba ionekane ya kizamani. Ing'oe yote. Seng'enge ipite huku ndani, makaburi yabaki nje. Sitaki wageni wangu wakae barazani wanatazama makaburi." Makaburi ya nani, Zabroni? Ya baba na mama! Nilikukumbusha maneno ya baba, ukacheka. "Dada nawe! Mambo ya miti kuwa mpaka yameshapitwa. Nikija likizo tutapima kiwanja." Wanangu unawasomesha wewe, ningekubishia kwa mdomo gani? Hapo ndipo ninapojichukia.

Niling'oa siku tatu, uso nimeuzungushia kanga kwa kuogopa utomvu. Mashina nikayachoma, maana mnyaa ukiuacha chini unachipua tena. Mafundi uliowatuma wakafunga seng'enge, likizo yako ikapita, hukuja. Mvua za kwanza zilipoanguka, Yeremia akaingia na jembe, akapanda mihogo hadi kwenye seng'enge. Makaburi akayazunguka kama mtu anayezunguka kichuguu. Nilimpigia kelele, akaniambia twende kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Kule aliongea kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza. "Uzio wameuweka wenyewe. Nani anaweka uzio akaacha shamba lake nje?" Wazee walioshuhudia baba akipanda wote wameshakufa. Mwenyekiti akanigeukia. "Nani aling'oa minyaa?" Nikasema mimi. "Ulilazimishwa?" Jina lako lilinifika kwenye ulimi nikalimeza. Nikasema hapana. Watu wakaniangalia kama mwanamke aliyewauza wazazi wake. Nilikuwa nimekupigia asubuhi ile, ukaniambia uko kwenye kikao.

Wiki iliyopita ndiyo ukanitumia ujumbe: mawaridi yatakuwa yamechanua Krismasi, wageni wakija? Una roho gani wewe? Nilikuandikia kwamba mama amebaki kwenye mihogo ya watu, ukajibu utaliangalia. Utaliangalia na nini? Jicho lile lile lililoponywa kwa maziwa ya mama yake Yeremia? Sikiliza, usitume chochote. Njoo mwenyewe, simama mbele ya mwenyekiti, useme kwa kinywa chako kwamba wewe ndiye uliyeagiza minyaa ing'olewe na kwamba mpaka ni ule wa baba. Mimi nitasimama kando yako, hata kama nimekuchoka.

Nakuaga na hili moja. Jumapili, baada ya ibada, niliona magugu yamelifunika kaburi la mama. Nilichukua jembe, nikatoka kwa geti lako, nikazunguka hadi kwa Yeremia, nikapiga hodi. Mimi, mtoto wa pale, nimesimama uani kwa watu naomba ruhusa ya kumpalilia mama yangu. Alikubali.

"Leo sawa," akaniambia, "ila usizoee."

Dada yako uliyemwachia nyumbani,
Esta