Kidonge cha Siku za Hasira

Mume wangu mdogo,

Mwaka mzima hujakanyaga hapa. Miguu imeota mizizi huko? Mwandiko huu ni wa jirani yetu, fundi cherehani, maana mimi kalamu siijui, ila maneno ni yangu na nimemkataza kuyapunguza.

Paa tumeliziba. Paka amezaa ndani ya kabati. Babu yako ameanguka.

Mpaka sasa moyo wangu haujarudi mahali pake. Alikuwa anacheka, ananitania kwamba chai yangu ni maji yaliyopewa jina. Mara kikombe kikamponyoka, mdomo ukaenda upande, maneno yakamvurugika. Hospitalini wakasema ni kiharusi, kimeletwa na presha.

"Presha gani?" nikamuuliza nesi. "Mwezi mzima hajagombana na mtu."

"Dawa anameza kila siku, bibi?"

"Siku za hasira tu. Akitulia naziweka kando."

Nesi akavuta kiti. "Presha si hasira, bibi. Inaweza kuwa juu hata mtu akicheka, wala asijisikie chochote. Kidonge ni kila siku."

Mjukuu wangu, vidonge nilivificha mimi. Nikajisifu kwamba nimemponya kwa kumnyamazia.

Mkono wa kulia bado hauinuki. Wanamfanyisha mazoezi, na leo amelitamka jina langu, nusu.

Nawe ni damu yake. Usiniambie umetulia. Siku ya kuja, pitia kwanza ukapimwe presha, uje na karatasi yake mkononi. Fundi atanisomea mlangoni kabla hujaingia.

Bibi, mkeo mkubwa