Mama, Mwambie Odeta Akae Ndani

Jumanne, Kasulu. Manyunyu tangu asubuhi, baridi ya kutafuta sweta.

Dukani leo sikuuza kitu cha maana. Nilikaa nyuma ya magunia ya mbegu nikisikiliza redio kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Wamesema nchi za Ghuba zimekubaliana na marafiki zao wa mbali kuunganisha ulinzi wa anga. Rada ya mmoja ikiona kombora, wote wanaambiwa hapo hapo, na aliye karibu analitungua hata kama lilikuwa linaelekea kwa mwenzake. Zamani ningebadilisha stesheni. Siku hizi nayajua mambo haya kuliko bei ya mbolea.

Mdogo wangu Odeta anafanya kazi za ndani katika mojawapo ya nchi hizo. Basi.

Jirani yangu Bwana Hamisi, anayeuza mabati na misumari, ana ndugu Tanga na ndugu wengine huko huko Ghuba, kwa hiyo amejipa cheo cha msemaji wa jeshi. Alinieleza kwamba ni kama tulivyokuwa tunalinda mahindi kijijini Rungwe Mpya: nyani wakitokea kwa mmoja anapiga debe, wa shamba la pili wanajiandaa. Nikamwambia nyani akifukuzwa kwangu anaingia kwa jirani. Akacheka.

"Mama Prisca, wewe hata habari njema lazima uitafutie kasoro."

Ni kweli, ndivyo nilivyo. Nikamuuliza tena: hilo kombora likishatunguliwa, linakwenda wapi?

Akakuna kidevu. Akasema vipande vinaanguka, popote pale. Mpwa wake alimtumia picha ya gari lililotobolewa paa na kipande cha chuma. Ndiyo maana huko king'ora kikilia watu wanaambiwa wakae ndani, mbali na madirisha.

Wakae ndani.

Najua Odeta hakai ndani. Sisi hatujalelewa hivyo. Mama alivuka mpaka wa Manyovu akikimbia mauaji Burundi nikiwa mgongoni kwake, na alitufundisha jambo moja kabla hata ya kusali: ukisikia mlio, toka nje, lala chini kwenye migomba. Nyumba ni mtego. Watu walifungiwa ndani wakachomwa. Odeta amezaliwa hapa hapa Kasulu, hajawahi kusikia bunduki, lakini siku transfoma ya mtaani ilipolipuka tulijikuta wote tumelala migombani, majirani wakatucheka wiki nzima. Mama hakucheka.

Nikampigia Odeta. Akaniambia bila wasiwasi wowote kwamba king'ora kikilia bosi wake na watoto wanakimbilia chumba cha katikati, yeye anatoka uani na kujilaza kando ya ukuta. Bosi anamwita anapiga kelele, yeye hasikii la mtu. Anawaonea huruma, eti hawajui vita.

Nilimgombeza mpaka sauti ikakauka. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema hawezi kuacha neno la Mama kwa sababu ya neno langu. Mama akisema mwenyewe, atakaa ndani.

Nikafunga duka saa za kazi, jambo ambalo sifanyi hata nikiumwa.

Mama nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza yote, rada, makubaliano, vipande. Aliendelea kuchambua. Nikadhani hajanielewa, nikaanza upya, akanikatisha.

"Mkubwa wangu alikaa ndani."

Jina langu la ubatizo, Veneranda, ni la huyo dada yake.

Nikasema wale waliingia kwa mlango, Mama, hiki kinatoka juu. Nikasema huko kuna nchi nyingi zimeshikana kukizuia. Hapo akaniangalia. Akasema hata wao kule mlimani kwao Burundi walishikana. Kila kaya ilitoa mtu wa kulinda, waliapa, wakanywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja. Siku yenyewe ilipofika wengine hawakutoka. Wengine walitoka, lakini upande wa pili.

"Hao wako, wamekuapia wewe?"

Nilikaa chini nikachambua naye maharage, nikamwambia ukweli wangu wote: Mama, sijui. Ninachojua ni kwamba aliye uani hana hata bati juu ya kichwa.

Mwisho akanyoosha mkono, nikampigia Odeta, nikampa simu. Alisema kwa lugha ya nyumbani, polepole, "Guma mu nzu, mwana wanje." Kaa ndani ya nyumba, mwanangu. Alinirudishia simu bila kunitazama, akaingia chumbani kwake, maharage akayaacha pale pale.

Odeta alikuwa amemjibu mara moja tu: sawa, Mama.

Nilitegemea kupumua. Badala yake naandika haya. Bwana Hamisi anasema mitambo hiyo hukosea mara chache. Sikumuuliza mara chache ni ngapi. Neno la Mama lilinitoa Burundi nikiwa hai, na leo nimemlazimisha alifute kwa mdomo wake mwenyewe, kwa ahadi ya watu ambao hawajui kama tupo.

Nimeomba kwa ajili ya nchi nisizozijua, zisigombane, zisichoke, asikose mtu kwenye zamu yake. Maana king'ora kikilia usiku huu, Odeta ataingia ndani kama mtoto mtiifu, na mlango atakuwa ameufunga kwa sababu yangu.