Meseji Zile Sikuandika Mimi

Nyumbani kwa Shangazi Ursula,
Suguti, Musoma.
9 Machi 2025.

Mpendwa dada Gaudensia,

Shikamoo. Habari za Njombe? Shemeji na watoto hawajambo? Baridi imepungua? Sisi huku tu wazima. Mvua zimeanza, na asubuhi ziwa linalala kimya kama limesahau kuamka.

Dada, usishangae kupata karatasi. Zile meseji za tangu Krismasi, za "niko bize, usinipigie," sikuandika mimi. Aliandika mume wangu, Masanja.

Tulipohamia Bunda alininunulia simu mpya, nikafurahi. Kumbe alikuwa ameiwekea programu ya kumwonyesha kila niendako, na WhatsApp yangu ilikuwa inafunguka kwake pia. Nikirudi alikuwaga ananiuliza taratibu, "Leo umekaa Kibara saa nzima. Ulikuwa na nani?" Nikisema nilikwenda kununua dagaa, ananipiga. Nilidhani kuna kitu kinanifuata. Nikaanza kuogopa hata kuwaza.

Adventina, anayetengeneza simu pale sokoni, ndiye aliyegundua. Akaniambia, "Huu si uchawi, dada. Ni hii simu. Lakini ukiifuta hiyo programu, atajua leo leo."

Basi Jumatano moja niliiacha simu kitandani, ikiwa kwenye chaji, aone nimetulia nyumbani. Nikatoka na kanga mbili tu. Ndani ya gari mkono wangu uliendelea kuitafuta. Tulipoanza kuliona ziwa, nikatambua kwamba hakuna mtu duniani anayejua nilipo. Nililia, lakini mwili ulikuwa mwepesi, kama naelea.

Shangazi alinipokea bila maswali. Jumatatu akanipeleka dawati la jinsia, polisi. Wameandika maelezo yangu na Masanja ameitwa. Sijui itakuwaje, ila sirudi.

Siku hizi naota tena. Jana nimeota tunateka maji na mama, jua linazama polepole, wala hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Ile namba ya zamani ikikuandikia kwa jina langu, usijibu, wala usimwambie mtu niko huku. Ikisema nimekukumbuka, hilo tu ndilo la kweli.

Nisalimie shemeji Ephraim, na mwanao Jenipher umbusu. Shangazi anawasalimu sana. Mungu awafunike kwa mkono wake, mchana na usiku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Wegesa