Mahari ya Milango Miwili

Maisaka,
Babati.
9 Agosti 2010

Shemeji Damiani,

Shikamoo, wewe na wote hapo Dongobesh. Je, mguu umeacha kuvimba? Huku tunapumua, uji na mboga havijakosekana. Fabiola mwanao anakusalimu kila siku, ila hajui kama leo nakuandikia. Simu sikupiga kwa sababu ukianza kufoka mimi nasahau maneno yote.

Nimesikia umeshawatangazia watu wa kigango kwamba Krismasi utaingia kanisani na gari la mbio. Pole, shemeji. Kaa chini kwanza.

Wale watu walikuja Jumapili baada ya misa, Mzee Theodori wa Nangara na kijana wake Modesti anayemtaka Fabiola. Ulinituma niwape chai na nisiseme neno mpaka uje, maana ndugu yako ni marehemu na binti ni wako. Nilinyamaza, kweli nilinyamaza. Lakini lile gari! Tangu Babati iwe makao makuu ya mkoa kila mwenye suruali ya kitambaa anajiona bwana mkubwa, ila Theodori amezidi. Alisema eti ng'ombe ni mambo ya zamani, yeye mahari analeta gari aliloachiwa na Mzungu wa mashamba, na gari la namna ile likizeeka ndipo linapanda bei. Nikasema moyoni, basi mimi na wewe tungekuwa matajiri.

Lina milango miwili tu, jekundu, limelala chini kama mbwa aliyeiba nyama. Mgeni huegesha mlangoni. Yeye aliliacha kule juu mteremkoni, kwenye duka la Anjela. Mimi gari silijui, lakini nimenunua ng'ombe mnadani. Anayekuzuia usimshike mnyama wake ana lake jambo. Kila nikinyoosha mkono Theodori ananiambia polepole, Mama Fabiola, hiyo rangi. Nikagonga mlango kwa vidole kama ninavyogonga chungu sokoni. Hapa ukalia bati, pale ukalia udongo. Kitenge changu cha misa kikashika wekundu ambao sabuni imeshindwa. Na chini ya kiti kuna manyoya ya kuku, hata hakuona haya kuyaacha!

Nikaomba nipelekwe ziwani. Kumbe mteremko ulikuwa na kazi yake: lilisukumwa ndipo likawaka. Modesti akajikunja nyuma kama mbuzi wa kwenye basi, mimi mbele naitazama barabara kupitia tundu la sakafu huku nasali. Tulipofika njia panda ya Nangara likakohoa, likatoa moshi, likafa. Vijana wa bodaboda walicheka mpaka wakashika matumbo. Mmoja alimwuliza Theodori kama maiti inazikwa leo au wanasubiri ndugu kutoka Ulaya. Theodori akajibu kwamba gari za mbio ndivyo zilivyo, zina hasira.

Hapo Modesti akashuka, akaniambia mbele ya baba yake kwamba injini ile ni ya teksi mbovu, ya gari lenyewe iliuzwa kama chuma chakavu, na rangi imepakwa juzi kwa ajili yetu. Akaniomba nisilipokee, hataki Fabiola aolewe kwa uongo. Baba yake alimwita mpumbavu, asiyejua kufunga mdomo. Kijana alivua viatu akaanza kulisukuma kando ya barabara, na baba ndani ameshika usukani kama waziri.

Sasa shemeji, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Nilisema neno. Palepale barabarani, wahuni wale wakisikia, nilimwambia Modesti binti ni wake, gari warudi nalo, walete mtamba mmoja mzima na blanketi yako ya heshima. Najua si kazi yangu. Usingizi umenikimbia nikiwaza utanisema nini mbele ya ukoo. Lakini ningekungoja, wewe ungeuona ule wekundu ukasema ndiyo, nakujua.

Msalimie Mama Marseli, umwambie mbegu za maharage nimezipata. Theodori hajapata wa kumvutia gari lake, bado liko njia panda, na basi lako litapita hapohapo. Ukiwa na hasira, shuka kwanza uugonge ule mlango, ndipo uje unigombeze.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Fabiola