Lori la Kwenye Kompyuta Linachemsha

Jumatatu, 4 Machi

Itangazwe kwa wote wenye masikio kwamba leo alasiri, chumbani, juu ya mto wa kulalia, lori langu limefariki likipanda kilima. Marehemu ameacha dereva mmoja, tela moja la saruji isiyokuwepo, na kompyuta ya mke wangu iliyo moto kama pasi. Wanaotaka kutoa pole wabaki nayo.

Sasa, mambo yalivyo. Bosi mpya wa usafirishaji – yule tunayemwita Kalamu kwa sababu haimtoki sikioni – ametukusanya yadi asubuhi. Madereva wote tutapimwa Ijumaa ya wiki ijayo. Si barabarani. Kwenye kompyuta! Usukani wa plastiki, barabara ya kwenye skrini. Atakayefaulu anakabidhiwa lori jipya. Atakayeshindwa anabaki yadi, kuosha magari ya wenzake na kuwafungulia geti.

Mimi nimfungulie mtu geti! Nimeshika usukani tangu ndevu hazijaota.

Breki ndiye aliyenipa gemu, kwenye flashi. Breki ni rafiki yangu tangu tukiwa utingo, na tunamwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna. Kasema: kamanda, mazoezi haya hapa, wanachopima ni kilima, ukikimudu kilima umemaliza. Kasema hivyo huku anatazama kiatu chake. Kiatu kina nini?

Mke wangu hajui lolote. Nimwambie nini – kwamba mtu mzima napimwa kama mwanafunzi? Nimesubiri aende dukani kwake, mtaa wa nyuma, anakofuma masweta ya shule. Nikafunga mlango, nikaweka kompyuta yake juu ya mto, nikawasha lori. Tambarare safi. Daraja safi. Kilima kikaanza, feni ikaanza kulia kama mbu aliyekasirika, halafu – giza.

Jumanne, 5 Machi

Giza tena. Kona ileile.

Lakini mimi si mgeni wa magari yanayochemsha. Gari likichemsha huzimi ghafla, na rejeta hufungui, labda kama uso wako umeuchoka. Unaegesha kivulini, unaiacha injini ingurume taratibu mpaka ipoe. Leo kabla ya kona nikafanya hivyohivyo. Nikatafuta mti mkubwa kwenye skrini, nikaegesha lori chini yake, breki ya mkono juu, injini inanguruma. Nikaenda jikoni kunywa chai bila haraka.

Kurudi – kompyuta imezimika, na ina moto kuliko mwanzo.

Chini ya mti! Kivuli kizuri kabisa, hata mimi ningelala pale! Hapa pana mkono wa mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekuwa nikifikiri, na kadiri ninavyofikiri ndivyo Breki anavyozidi kuninukia vibaya.

Jana kaniuliza: kilima unakimudu? Leo kabla ya chai kaniuliza tena. Tunaosha mikono, kauliza tena. Mtu mwenye nia njema anauliza mara moja, anasahau. Nikamuuliza na mimi, je, kompyuta yako haichemshi? Kasema wala, ya kwake ni ya shemeji yake, inapoa kama mtungi. Eti kama mtungi! Na flashi imetoka kwake. Nani ajuaye alichotia humo ndani kabla ya kunipa? Malori mapya ni machache kuliko madereva. Hilo kila mtu analijua, ila halisemwi kwa sauti.

Na tukisema ukweli, hata nyumbani pana jambo. Kompyuta naiacha kabatini imelalia ubavu wa kulia. Leo nimeikuta imelalia wa kushoto. Mke wangu anasema hajaigusa tangu wiki iliyopita alipotafuta michoro ya masweta. Kasema hivyo huku anahesabu vishono – na mwanamke anayehesabu vishono huwezi kumsoma usoni. Silaha kubwa hiyo.

Kwa hiyo kuna mtu anaifungua. Anaifungua kufanya nini?

Ijumaa, 8 Machi

Nimetega mtego.

Nilisikia zamani kwenye mchezo wa redio kwamba wapelelezi hunyunyiza unga kuona alama za vidole. Unga wa ugali ni mzito, ungeonekana. Nikachukua poda, ile nyeupe ya kopo iliyobaki enzi za watoto, nikainyunyiza juu ya kompyuta nzima. Kidogo tu. Halafu kidogo tena, kwa uhakika. Nikafunga kabati. Nikaenda yadi nikipiga mluzi.

Jioni nimefungua. Alama zipo! Vidole vinne na dole gumba, wazi kama muhuri. Vidole vipana, vya mwanaume. Mwanaume kabatini kwangu! Nikaziangalia kwa miwani ya kusomea ya mke wangu. Kovu kwenye dole gumba, mshazari.

Nina kovu kwenye dole gumba, mshazari.

Nilisahau kwamba niliifunga kwa mkono.

Jumamosi, 9 Machi

Balaa. Mke wangu kasimama karibu yangu wakati namimina maji, akanusa. Akanusa tena, kama paka.

– Unanukia poda.

– Poda?

– Poda, baba watoto. Poda ya nani?

Nikasema ya kinyozi. Kinyozi wangu siku hizi anawapaka watu poda shingoni. Akanizunguka polepole mpaka nyuma, akarudi mbele.

– Kinyozi. Na nywele mbona zipo zote?

Nikasema nilienda, nikakuta foleni.

– Foleni ndiyo iliyokupaka poda?

Akarudi kwenye sindano zake, na nimesikia zikigongana kwa namna ambayo hazigongani siku za kawaida. Sasa nina kesi mbili. Ya kompyuta, na ya mwanamke ambaye simjui hata mimi, ila inaelekea ananipaka poda.

Ningeweza kuimaliza kwa neno moja tu: mtihani. Nikafungua mdomo. Nikaona geti. Nikajiona nimesimama kwenye geti, fagio mkononi, Breki anapita na lori jipya ananipungia. Nikafunga mdomo.

Jumatatu, 11 Machi

Imezidi! Sasa haifiki hata kilimani. Imezimika kwenye tambarare, mbele ya kituo cha mafuta, mahali ambapo hata baiskeli haichoki. Na feni hailii tena kama mbu. Inakohoa.

Siku zimebaki chache na sijawahi kukiona kilele cha ile barabara. Sijui hata upande wa pili kuna nini. Usiku naota kona.

Nimeamua. Kesho naenda kwa fundi, yule wa kibanda cha simu pale kona. Simuamini. Kila anayepeleka redio yake inarudi imepona lakini nyepesi.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia fundi sitaiacha, nitasimama hapa hapa nikiangalia mikono yako. Kasema karibu mzee, kiti kipo. Mtu anayekupa kiti haraka hivyo, jiulize.

Kafungua skrubu, kainua kifuniko. Kaniangalia. Kaangalia ndani tena.

– Mzee, humu mnalea mtoto mchanga?

Poda. Feni nzima imepakwa, kila upanga wake mweupe, kwenye tundu za hewa imegandamana kama chokaa. Nikasema sijui imefikaje. Kasema inavutwa, mzee, feni inavuta chochote kilicho karibu. Ndiyo kazi yake. Akapuliza – sote wawili tukawa weupe kama waokaji. Mteja mmoja aliyekuja kununua vocha akaghairi.

Halafu akaanza maswali, kama daktari. Unaiweka wapi ukicheza? Nikasema kwenye mto. Akafumba macho. Kasema pua zake ziko chini, mzee, wewe unaizibia pua halafu unaiambia ipande mlima.

Nikamwambia kuhusu mti. Nilitaka tu ajue kwamba naelewa mambo ya kupoza injini. Kacheka mpaka akaweka bisibisi chini.

– Lori lilipumzika, mzee. Kompyuta haikupumzika! Huo mti, kila jani ni yeye anachora. Na kivuli anachora yeye.

Haya. Nimeona hakuondoa kitu na hakuweka kitu, isipokuwa dawa ya kijivu kama dawa ya meno, kidogo sana, chini ya feni. Nimeomba kuinusa. Hainuki. Nimemsamehe kwa muda.

Jumatano, 13 Machi

NIMEFIKA JUU!

Kompyuta kwenye meza, vitabu viwili chini yake kama miguu ili ipumue, dirisha wazi. Gia ya chini, pole pole, kona ile, feni inalia lakini haikati tamaa, kona ya pili, ya tatu – kileleni! Upande wa pili kuna bonde na ng'ombe watatu. Nimepiga kelele. Nimepiga kelele kweli, na ngumi mezani.

Nageuka, mke wangu yuko mlangoni.

Nikafunga kompyuta haraka, jambo ambalo halikunisaidia chochote. Kasema fungua tu, nionyeshe huo mlima. Nikamuuliza mlima gani? Kasema mlima wa mtihani wa Ijumaa.

Anajua. Anajua tangu ile Jumatatu! Mke wa Breki alikuja kupima sweta la mwanawe akamwambia yote. Kwa hiyo wiki nzima huyu mama alikuwa anafunga kazi mapema, halafu anakaa dukani mikono mapajani, hafumi kitu, anaangalia barabara, ili mimi nipate nafasi ya kujificha kwa raha. Na kompyuta ni yeye aliyekuwa anaigeuza kabatini, upande wenye tundu uangalie nje. Kwa sababu alikuta ina joto.

– Ungeniambia, nikasema.

– Ungeniambia wewe. Mimi nilijua mtihani. Poda ndiyo sikuijua. Poda imeninyima usingizi.

Nikamweleza poda. Yote – redio, wapelelezi, dole gumba. Alicheka mpaka akakaa kitandani. Halafu akafuta macho, na sina hakika yote yalikuwa ya kucheka. Kasema: nilishaanza kujiuliza nitakaa wapi.

Sikujua ilifika huko. Nimekaa naye. Tumepanda kilima pamoja mara mbili, yeye akishika mishale ya kushoto na kulia. Ni dereva mbaya sana. Ng'ombe mmoja hayupo tena.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimejisikia mwepesi. Kilima nimekipanda asubuhi kabla ya kazi, mzigo kamili, mvua ya kwenye skrini ikinyesha. Kompyuta joto la kawaida, kama paji la uso la mtoto mzima.

Nimejiona mjinga kwa Breki. Mtu kaniletea gemu kwa mkono wake, kaniuliza hali kila siku, na mimi nikamwona nyoka. Kumbe flashi ilikuwa safi. Kumbe kosa ni mto na poda. Nimeamua kuacha kushuku watu. Inachosha, na inaharibu feni.

Tena mke wangu kaniambia jambo la kumhurumia. Mke wa Breki kamlalamikia: eti Breki wala kilimani haendi. Anashinda na ile kompyuta ya shemeji anarudi nyuma tu. Anarudi nyuma, anarudi nyuma, anagonga ukuta, anaanza upya, mpaka watoto wake wanamcheka. Maskini. Yeye ndiye aliyeniambia wanapima kilima, na kilima chenyewe kimemshinda hata kukianza! Pengine ya kwake ndiyo inayochemsha na anaona aibu kusema. Leo mchana nikataka kumfundisha habari ya vitabu viwili chini. Kasema asante kamanda, usijali, wewe shikilia kilima chako.

Moyo wa dhahabu, yule.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Kalamu. Shati limepigwa pasi, mke wangu kalipiga mwenyewe, kasema leo usinukie chochote. Breki yuko ndani. Mimi ndiye ninayefuata.

Wawili wametoka kabla yake. Wa kwanza kapita kichwa chini. Wa pili kaenda moja kwa moja kwenye geti, kaligusa, kama anayejaribu uzito wake. Sijapenda.

Feni yao siisikii. Nimetega sikio kwenye ukuta – kimya. Mashine nzuri. Haitazimika. Nitapanda mpaka juu, gia ya chini, pole pole, na leo hata ikinyesha.

Breki katoka! Anatabasamu mpaka magego. Kalamu kamshika mkono, kampa karatasi. Nimesimama, nimempongeza kwa moyo wangu wote. Nikamuuliza, kilima vipi?

Kanipiga bega. Kasema utaona mwenyewe, kamanda. Halafu akatazama kiatu chake.

Nimekaa tena. Kalamu anasema nisubiri kidogo anairudisha mwanzo. Mlango kauacha wazi. Naona usukani, naona feni ya mezani inaipuliza mashine kama mgonjwa wa kulipia. Naona skrini. Kuna yadi, kuna ukuta, kuna geti, na tela refu limelipa geti mgongo.

Nimemuuliza kutoka hapa benchini, barabara inaanzia wapi.

Kasema hakuna barabara. Jaribio ni moja tu, kurudisha tela nyuma mpaka getini.